Kabari Imeingizwa Kutoka Kushoto

Baba watoto,

Hapana, macho yangu hayajachoka, na hadithi yako ya miwani iishie pale pale kwenye chai. Jana mazoezini risasi zangu zote zilikwenda pembeni, na wewe ukawa mwepesi mno wa kunipa pole. Hapo ndipo niliposhuku.

Ulipoingia kuoga nililifungua gobore langu. Kabari, kile kichuma kinachobana mtutu kwenye ubao, imeingizwa kutoka kushoto. Mimi naiingiza kutoka kulia miaka yote, na mtutu umezoea kulala hivyo. Ukiigeuza, shabaha inahama. Skrubu nazo zimekazwa kama za kitanda. Nyumba hii ina mtu mmoja tu wa mkono wa kushoto, na si paka.

Chakula cha mchana kimo kwenye sufuria yenye kifuniko. Nguo zianuliwe, mawingu siyapendi.

Kama ulitaka kunisaidia kulisafisha gobore, mbona hukusema? Au hukutaka nikushinde tena leo kwenye mashindano mbele ya kaka zako? ~~Nimekusamehe.~~ Bado nafikiri.

Nimeshalipanga upya: mtutu nimeukausha, kabari imeingia tena kutoka kulia, skrubu nimezikaza kidogo kidogo, hii kisha ile. Nimeondoka nalo. Lako sijaligusa, njoo nalo uwanjani tushindane kwa haki.

Bisibisi zote nimezitia mkobani mwangu. Bawaba ya mlango wa jikoni itangoja.

Mama watoto