Ndiva Imefunguliwa

Jumatatu, 6 Agosti 2001

Umeme umerudi mchana. Dukani hakuna mteja wa kuchapiwa barua. Nikawasha lile gemu la zamani la bunduki, nililocheza Moshi kwenye kozi ya kompyuta, kwenye mashine isiyo na spika. Hata wakati ule hakuna aliyelitaka ila mimi. Takataka! Mikono yako na bunduki, vibanda vya nyasi, watu weusi wanatoka mbio kuja kuuawa. Wote sura moja – mchoraji kachora mmoja, akachoka. Na mimi nililipenda hili!

Jumanne, 7 Agosti

Jabiri wa duka la spea hapo jirani kaleta spika za mtumba, tuzijaribu. Nikampiga adui wa kwanza. Akaanguka akipiga kelele kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani. Chasu! Kwamba ndiva imefunguliwa, zibueni mifereji, maji yanakuja. Ndivyo tunavyoitana kijijini Suji bwawa likifunguliwa huko juu, sauti ishuke hadi shamba la mwisho. Kwetu aliyekuwa akiita ni kaka Fanueli. Neno la mwisho alilivuta mpaka pumzi iishe. Huyu naye kavuta. Nikampiga tena. Tena. Ni yeye.

Jabiri kauliza mbona narudia kumpiga. Nikamwambia kaka yangu aliyekwenda Ulaya mwaka tisini na nne, akapotea moja kwa moja, yumo humu ndani.

Jumatano, 8 Agosti – Nane Nane

Sikufungua duka. Hao watengeneza gemu walimwambia nini? Lia kwa lugha yenu, kama mtu anayekufa? Akawapa mwito wa maji, nao wakaubandika kwa maiti. Hawakuuliza hata maana yake. Wananichefua. Naye ananichefua – wazungu kawapa sauti, mama kamnyima hata salamu.

Jabiri anasema mama aambiwe, ni haki yake. Rahisi kusema! Mama anamwombea kila jioni kama mtu aliye hai. Hii sauti ni ya lini? Yu hai leo? Gemu halisemi.

Alhamisi, 9 Agosti

Nalifuta kesho. Basi.

Ijumaa, 10 Agosti

Sijalifuta.

Jumapili, 12 Agosti

Sabato imekwisha, mama kashuka kutoka Suji kununua chumvi na mafuta ya taa. Jabiri na mdomo wake! Shikamoo mama, marahaba, na habari yote kaimwaga hapo hapo mlangoni.

Mama hakulia. Kaketi kiti cha wateja, kajifunga kanga vizuri. Akasema niwashe.

Nikamwambia: mama, hasemi mpaka nimpige risasi.

Akakivuta kiti karibu na kioo. Kisha: "Mpige, Erasmo."

Nikampiga. Fanueli akaita maji. Na mama akaitikia! Kwa sauti ile ya kuvuka bonde, kama yuko shambani na jembe mkononi. Watu wa barabarani wakageuka. Jabiri katoka nje, hawezi kutazama. Sasa ndipo anaona!

Mama akasema nimpige tena. Na tena. Kidole kimekufa ganzi. Umeme wa kukatika kila siku, leo haukatiki!

Naandika huku ameketi. Gari la Suji limepiga honi, hataki kuondoka. Anasema ameitikia vizuri ila Fanueli hakusikia. Anataka nimsogelee karibu zaidi kabla ya kumpiga.