Maneno Yanayoandamana

Mbeya, Jumapili

Kitabu hiki alichoniazima mwalimu hakielezi maana ya maneno ya Kiingereza. Kinaonyesha tu neno gani huandamana na lipi. Kumbe kwao chai huwa na nguvu, na mvua huwa nzito. Nani aliipima?

Kesho nitakuwa mkalimani wa Sista mgeni pale zahanati ya misheni. Nikishindwa watamweka karani, naye ni mwanamume. Mama gani atamweleza habari za uzazi wake? Hilo ndilo linaloninyima raha.

Jioni nilimsomea mume wangu, akacheka.

“Mama Atupele, unawashangaa Waingereza? Sisi tunapiga pasi. Nguo ilikosa nini?”

“Na kiapo tunakula,” nikasema.

“Tena bila mboga.”

Nilicheka mpaka nikaacha kumenya ndizi. Halafu nikawaza. Mimi sijui kwa nini tunakula kiapo. Nilimsikia mama akisema hivyo, basi. Huenda Sista naye hajui kwa nini mvua yake ni nzito. Alimsikia mama yake. Kwa hiyo kesho nikikwama nitamwomba arudie, bila aibu.

Ee Bwana, nimekueleza yote. Usikawie kunijibu, maana wagonjwa huja mapema.