Kipande cha Reli cha Babu Saa

Babu Saa, mume mwenzangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naijua, maana mimi ni mmoja wa watatu tulioshuka kaburini kukupokea, tena upande wa kichwa niliushika mimi. Ya kwangu ndiyo huijui. Ndiyo iliyonikalisha chini na daftari la mistari, mimi Shebi, niliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wameshanifundisha yote wanayoyajua. Nilipokuwa nakwambia hivyo ulikuwa unanijibu, "Basi yalikuwa machache," halafu unacheka mpaka unashika kiuno.

Msalimie mke wetu Bi Fatu aliyekutangulia huko. Mwambie... hapana, usimwambie kitu kwanza. Ngoja nimalize.

Nikupe habari za mji. Nachingwea ipo, ila upande wako inapungua. Kile kibanda cha Fundi Mapengo wa redio kimevunjwa, sasa pana dogo mmoja anauza kava za simu. Unamkumbuka Mapengo na matibabu yake? Anaizima redio, anaipiga kofi, anaiwasha, anakwambia, "Imepona, usiipe tena habari mbaya." Mtu ana redio kumi mezani na zote zinataja saa, lakini alikuwa anangoja yako ndiyo afunge kibanda akale. Bi Sharifa wa vitumbua kachukuliwa na mwanawe, kahamia Ruangwa, kaacha mafiga yake matatu pale barazani na mbuzi wanalala katikati yake. Na kule ulikokuita stesheni, ambako mimi nilikuwa sioni stesheni wala nini, naona tuta na majani, wamelima ufuta. Umestawi, siwezi kudanganya.

Nilikuwa nakutania, "Babu, hilo treni lenu lilikwenda kujisaidia likapotea njia?" Nawe, "Reli iling'olewa baba yako hajapata hata wazo la kuzaliwa, mbwiga wewe. Kikabaki hiki." Unakigonga kidogo kwa ile boliti yako, ngaaa, kama mtu anayempiga rafiki yake begani.

Hiki ndicho ninachotaka kukizungumza, Babu. Ona ninavyozunguka.

Kipande cha reli, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, kinaning'inia kwa waya kwenye mwarobaini. Asubuhi, saa sita mchana, na jioni kabla ya magharibi. Ulikuwa ukitoka na saa yako ya mkononi iliyokatika mkanda na yenye mshale mmoja tu. Nilikuuliza mshale wa dakika umeenda wapi, ukaniambia, "Wa nini? Nani katika mji huu ana haraka ya dakika?" Unagonga sita, unatulia, halafu unaongeza kimoja chepesi. Nikadhani hujui kuhesabu. Nikakwambia hata mimi wa form two najua saa sita ni sita. Ukasema hicho cha mwisho ni cha waliochelewa. "Kuna mtu yuko shambani, hakusikia vile vya kwanza. Naye ni binadamu."

Simu kila mtu anayo, lakini watu walikuwa wanaweka sufuria jikoni kwa kufuata wewe. Mimi nilikuwa nasema nyie washamba. Jua linawaka, adhana ipo, simu ipo, chuma cha nini? Nilisema hivyo mbele za watu, nikachekesha. Mimi nikisema kitu watu wanacheka, unanijua.

Basi mguu ukakuangusha. Ulipovunjika nyonga pale kisimani, ukalazwa ndani, mwanao Somoe akaacha shamba lake kule Mtua akaja kukuuguza. Ukaniita. Mji mzima una vijana, ukaniita mimi. Ukaniwekea boliti mkononi, ukavifunga vidole vyangu juu yake, ukasema, "Mdomo wako mrefu, ila mkono wako mzuri. Usiwasahau waliochelewa."

Nilitamba, Babu! Siku tatu za kwanza niligonga mpaka kuku wakahama. Wiki ya pili nikaanza kuruka ile ya asubuhi, usingizi mtamu. Ukawa unaniuliza, nami nakuambia upepo ulikuwa unavuma kuelekea Mandawa, ndiyo maana. Ukafurahi hata kwa hilo, kwa kuwa Mandawa ndiko ulikozaliwa. "Basi leo wamesikia nyumbani," ukasema.

Halafu timu kubwa kutoka Dar ikawa inakuja kucheza Ruangwa. Vijana wote wa mtaani wanakwenda. Shebi abaki? Shebi huyuhuyu? Ila nauli sina. Akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na kigari chake cha kirikuu, akatazama juu ya mwarobaini, akanitazama mimi. Ningekuambia alinishawishi ningekuwa naongeza uongo juu ya uongo. Mimi ndiye niliyesema, "Njoo Ijumaa, watu wakiwa msikitini."

Imamu anahutubu, nasikia kwenye spika, anazungumzia amana. Wallahi sitanii. Mimi niko juu ya kiti cha kuazima, nakata waya kwa koleo. Kikaanguka kikagonga jiwe. Ngaaa. Mara moja tu, ya mwisho. Nikaingoja ile sauti iishe na haikuisha upesi.

Mechi yenyewe ilikuwa sare, Babu. Bila bila. Na jezi niliyonunua nafutia pikipiki.

Jioni ya Ijumaa ileile nikarudi mwarobaini nikapiga ukelele wa mwizi. Nikawa wa kwanza! Niliwatukana wezi wa vyuma mpaka Mapengo akaniletea maji ya kunywa. Watu wakakusanyika chini ya ule waya, wanautazama kama wanatazama mtu aliyejinyonga. Shangazi Somoe akaja na kanga kichwani, akakaa chini palepale vumbini. "Tutamwambiaje baba? Akisikia hili hafiki asubuhi." Nami, kwa huu mdomo, nikasema, "Tusimwambie, Shangazi. Ana presha. Tumwache aamini kipo." Akanishika mkono akasema, "Mungu akuzidishie. Una akili kuliko waliosoma."

Hilo ndilo neno nililokuwa nalitamani maisha yangu yote. Nikalipata siku hiyo.

Kesho yake saa sita nikaja kukuona, najipangusa jasho la uongo. Ukauliza, "Shebi, mbona leo sikusikia?"

"Nimegonga, Babu. Mpaka kwapa linauma."

"Mimi sikusikia."

"Basi ni masikio hayo. Kwa umri wako ulitaka usikie mpaka Nambilanje?"

Ukacheka. Na mimi nikacheka, si tuko kwenye utani wetu? Nilidhani imeisha hapo. Lakini kesho ukauliza tena, na keshokutwa. Siku moja ukanibana, "Mbona adhana naisikia?" Nikakujibu papo hapo, maana kujibu ndiyo kazi yangu: "Ile ina spika, Babu. Chuma hakina spika." Ukafikiri. Nikakuona unafikiri, unauangalia mlango. Ukasema polepole, "Kweli bwana. Chuma hakina spika."

Hukuuliza tena.

Ningeweza kusema siku ile. Mlango ulikuwa wazi, Shangazi alikuwa uani anapepeta, tulikuwa wawili tu. Nilikuwa na nafasi kubwa kama uwanja. Nikaomba maji nikaondoka.

Toka hapo ukaanza kubadilika, nami nilikuwa naona. Ulimwambia Somoe, "Sikio la karibu ninalo. La mbali limetangulia." Wadogo zako walipotuma salamu kutoka Mandawa kwamba wanakuja kukuona, ukasema wasijisumbue, mtu akishaacha kusikia vya mbali ajue safari imeshika njia. Wewe uliyekuwa unataka kujua nani kanunua baiskeli, nani kaachwa, mbuzi wa nani kaingia mihogo ya nani, ukawa huulizi. Pikipiki ikipita unamuuliza mwanao, "Hiyo iko karibu, eti?" kama mtoto anayejifunza. Shangazi alikuwa analia jikoni. Alidhani ni uzee. Mimi nilijua ni mimi.

Siku ile ya mwisho niliyokuja mchana ulikuwa umeshikilia ile saa yako ya mshale mmoja. Ilipofika saa sita ukainua kidole ukagonga ubao wa kitanda kwa ukucha. Tk. Tk. Ukahesabu sita. Ukatulia. Ukagonga cha saba. Ukaniambia, "Angalau hivi navisikia."



Ulizikwa Jumapili baada ya adhuhuri, watu walijaa mpaka kwenye ufuta. Wakati wa kuingia kaburini wakatafutwa wa karibu, Shangazi akatuma neno kutoka kwa wanawake: "Shebi aingie. Huyo ndiye aliyemfichia baba ule wizi, ndiye aliyempa siku zaidi." Watu wazima wakanipisha. Mapengo akanipiga begani. Nikashuka. Mchanga wa Nachingwea ulikuwa wa baridi kule chini, na kichwa chako kilikuwa mikononi mwangu, sikio moja limeelekea kwangu ndani ya sanda. Nilitaka kusema palepale. Kikatoka kilio badala ya maneno. Wakadhani nalia kwa uchungu wakanivuta juu, wakanisifu tena.

Ndiyo maana nilikimbia mji. Sasa niko Ruangwa naendesha bodaboda. Ukisikia wanasema Shebi kapata maisha, wanaona pikipiki tu. Mji huku unakua, kila wiki kuna duka jipya, na siku nyingine nampeleka Bi Sharifa zahanati. Ananiuliza, "Mjukuu wangu, siku hizi saa sita wanagonga nini kule kwetu?" Nazidisha mwendo.

Nilikwenda kwenye ile yadi ya vyuma. Nilikitafuta chini ya mabati, chini ya fremu za baiskeli, mikono ikakatika. Mwenye yadi akaniambia mzigo huo lori lilishaupeleka Dar zamani, umeshayeyushwa, umekuwa nondo. Kwa hiyo umo ndani ya ukuta wa mtu fulani, Babu, na mwenye nyumba hajui kwamba analala na stesheni yako.

Nilifikiri ninunue ringi ya lori niitundike pale, ionekane nimefanya jambo. Nikaijaribu gereji. Inatoa sauti ya sufuria. Tena nikaona nitasifiwa kwa mara ya tatu, na hiyo sasa sitaiweza.

Kwa hiyo sikia ninachokuahidi. Ijumaa hii ni arobaini yako. Nakuja Nachingwea na boliti yako, ninayo, sijaiuza, iko ndani ya soksi. Kabla sufuria za ubwabwa hazijateremshwa nitamwita Shangazi Somoe pembeni, nimwambie mwenyewe, kwa mdomo huuhuu: kwamba mwizi ni mimi, na kwamba baba yake hakuwa kiziwi hata siku moja. Yeye akitaka watu wajue, nitasimama niwaambie watu. Akinifukuza, nitaondoka na njaa yangu. Akinizaba kofi, sijibu kitu, na utakuwa muujiza wa kwanza wa kaburi lako.

Ulisikia sawasawa, Babu. Ulipouliza "mbona sikusikia," ulikuwa umesikia vizuri kuliko sisi wote: pale palikuwa na waya mtupu. La karibu ulikuwa nalo na la mbali ulikuwa nalo. Ningetaka ulijue hilo kabla hujawakataza wadogo zako kuja.

Nikimaliza kwa Shangazi nitakuja makaburini, peke yangu, jua likiwa kichwani. Vile sita nilivyokunyima siwezi kuvirudisha. Naomba unipokelee hicho kimoja cha waliochelewa. Nitachuchumaa upande wa kichwa nikusomee barua hii yote, na makosa yake ya form two.

Lala, mume mwenzangu. Sitapaza sauti. Masikio yako mazima.

Shebi