Dawa ya amibe

Bunia, siku ya ine ya juma, jioni

Mara tatu. Mara tatu tangu mwaka jana mama aliniambia anaona damu akienda choo, na mara tatu mie, mutoto wake, tena infirmiye mwenye kutunza wagonjwa, nilimupatia dawa ya amibe. Siye hapa kila tumbo ni amibe, wale wadudu wa maji machafu, zaidi tangu tulikimbia Djugu na tunakunywa maji ya kambi.

Leo daktari alimugusa tumbo. Akaniita inje: "Nafikiri ni kansere ya matumbo. Inafaa waingize kamera waone, lakini hapa hatuna ile mashini. Ni Kampala."

Kampala! Na barabara ya Tchomia, ya kuvukia Uganda, imefungwa juu ya vita. Mituweli yetu, ile bima ya ugonjwa, nayo inalipaka amibe, inalipaka malaria. Kamera, hapana.

Lakini mwaka jana barabara ilikuwa wazi. Nani angemutuma kupimwa, kama mie mwenyewe sikumutuma?

Sijamuambia. Nilirudi ndani nikamufunga kitenge, basi.

Saa hii ameniita kutoka kitandani: "Mutoto yangu, unipatie tena ile dawa yako. Ile njo inanisaidiaka."

Nimemupatia.