Tairi Mbilimbili

Jumamosi, 8 Juni

Zimepasuka. Zote mbili! Na Kipara anacheka – eti pancha ni pancha, hata lori hupata. Mimi ni lori? Miaka mitatu dereva huyu ananiimbia wimbo uleule: vaa kondomu mbili, lori lina tairi mbilimbili nyuma, moja ikipasuka nyingine inabeba. Nami nikameza. Saa tisa alasiri kawasha injini, kaenda zake. Mpumbavu. Mimi zaidi!

Jumapili, 9 Juni

Nimehudumia baa nzima nimenuna. Mdogo wangu, tunayefanya naye kazi, kaniuliza nina nini. Nikamfokea. Maskini, hana kosa.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi, kabla hatujafungua, muuguzi kaja kutufundisha kondomu. Kaja na uume wa mbao, wenzangu hoi kwa kicheko. Mimi na kimbelembele changu nikasema sisi hapa ni mbili tu, usalama kwanza. Muuguzi akashtuka. Hapana! Mbili zinasuguana, zinapasuka upesi. Moja inatosha, na msipake mafuta ya mgando, yanailegeza.

Wasichana wote wakanigeukia. Nani aliwafundisha mbili? Mimi, dada mkubwa, mjuaji! Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamvuta muuguzi pembeni, nikamweleza. Kasema kuna dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI, lakini niianze ndani ya saa sabini na mbili, na kila saa ina maana. Nenda leo, kasema. Nikamwomba bosi ruhusa. Kagoma – malori yamejaa uwanjani, wateja wana kiu. Wateja! Nami nikabaki, nikabeba trei. Woga wangu unanichefua. Kesho natoroka, anifukuze akitaka.

Jumanne, 11 Juni. Zahanati

Saa saba na nusu mchana. Nimechomoka baa bila kuaga. Saa zangu zinaisha saa tisa, na daktari kaenda kula. Kula! Nimempigia Kipara, nikamwambia naye akapime. Eti yeye mzima, ana mke nyumbani. Kakata simu. Mke wa watu hajui kitu! Nikimtia mkononi huyu –

Mlango umefunguliwa. Ni mdogo wangu, kajifunika mtandio hadi machoni. Hajaniona. Anauliza nani wa mwisho kwenye foleni.

Wa mwisho ni mimi. Na saa zake sijui zilianza lini.