Gari la Baba Silivalishi Plastiki

Gereji ya mlango wa bluu,
Nyuma ya soko la mbao.
Jumanne, tarehe 14.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limekuachia walau upande ngazi bila kulitukana. Huku sisi wazima. Mama anakula, analala, anatugombeza, kwa hiyo hana neno. Mimi ni mgongo tu, na mgongo nimeuzoea.

Nianze na lile uliloniuliza, maana najua ukikasirika huko mbele hutarudi kulisoma. Kwa gari lako jipya chagua plastiki nene ya kulinda rangi, ile angavu inayong'aa. Mwambie fundi akuoneshe gari alilolibandika mwaka juzi, si kipande kipya cha dukani. Ukiona imegeuka manjano, aga uondoke. Ivute kwa mikono: ya kweli inarudi kama mpira, ya uongo inabaki na makunyanzi. Na asikatie kisu juu ya rangi, hata akikuapia. Boneti, bampa na kingo za milango vinatosha. Paa liache, huko juu hakuna anayerusha mawe.

Sasa tuje kwenye bunda ulilotuma. Ahsante sana, lilifika salama, na katika miaka kumi na moja ya kazi hii sijashika plastiki nzuri kama hiyo. Lakini gari la Baba silivalishi. Nasema hivi nikiwa nimetulia na chai yangu nimeshakunywa.

Najua mlikaa kikao kwenye simu, wewe, shangazi na kaka, mkapitisha gari lifunikwe lote, liegeshwe uani, libaki kumbukumbu ya marehemu. Mimi ninayebandika vitu hivi kila siku hamkuniita. Mngeniuliza, ningewaambia kwa dakika mbili. Plastiki hii inataka rangi ya kiwandani, iliyoshikana na bati. Rangi ya Baba aliipuliza mwenyewe juu ya ile ya zamani, haraka haraka, Jumapili moja, kwa sababu Jumatatu alikuwa na mzigo wa kupeleka. Ukibandika hapo, siku ya kubandua inatoka na rangi yake. Nilijaribu kipande cha ukubwa wa kiganja ndani ya mfuniko wa buti, mahali pasipoonekana, nikakiacha wiki mbili. Kikatoka na rangi. Nikamwonesha kaka.

Lakini kaka ni mwalimu, unamjua alivyo. Akishasoma karatasi ya maelekezo, basi yeye ndiye fundi. Wiki iliyopita nilikwenda kwa mteja, huku nyuma akaja gereji na mashine ya kukaushia nywele ya wifi, akaanza kubandika plastiki kwenye boneti. Akaona imekaa mshazari, akaibandua ili ainyooshe. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo, ameishika plastiki kwa ncha za vidole, na rangi ya Baba imeganda kwenye plastiki hiyo, kipande cha ukubwa wa sinia. Nikatoka nje, maana ningefungua mdomo ningemvunjia heshima, na ni kaka yangu.

Nililia, Baba Mdogo, sikufichi. Rangi ile haina namba. Baba aliichanganya kwa jicho, kijani na kijivu na sijui nini kingine, na hakuandika popote. Nimepeleka kipande kwenye duka lenye mashine ya kupima rangi, ikatoa kijani cha milango ya shule. Muuzaji akasema ndiyo yenyewe. Nikamwambia avae miwani.

Sasa kaka anataka gari lote lipelekwe kwa mpuliza rangi, likwanguliwe, lipakwe upya, kisha ndipo lifunikwe. Shangazi ameafiki, na nasikia nawe umeafiki. Yaani tumfute Baba kwanza, halafu tumtunze. Mimi sijaafiki, na ufunguo ninao mimi. Niiteni mkaidi kikao kizima, mtachoka nyie. Mama peke yake ndiye aliyeniuliza nataka nini.

Nataka gari litembee. Baba hakulipaka ili litazamwe. Alilipaka lisiliwe na kutu, abebee mbao, ampeleke Mama kliniki, anifundishe mimi gia wakati miguu haijafika hata kwenye breki. Nalibebea vifaa vyangu kila siku. Mikwaruzo mingine nimeiongeza mimi na nitaendelea kuiongeza. Plastiki yako nimevalisha taa mbili za mbele, kwa sababu zile hazina rangi ya mtu. Iliyobaki ipo juu ya kabati, ukiitaka nitakurudishia.

Boneti niliipuliza mwenyewe juzi. Nilichanganya kwa jicho kama yeye, mara tisa, na ya tisa ndiyo niliyotumia. Haikufanana. Jua likiwaka kiraka kinaonekana toka ng'ambo ya barabara, na kaka anaona haya kupanda. Mimi naendesha hivyo hivyo, kioo nimeshusha.

Msalimie sana Mama Mdogo, na wale pacha uwaambie dada yao anawakumbuka. Shangazi akipiga, mwambie nampenda ila sibadiliki. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na marafiki wa kweli.

Neno la mwisho. Jana Mama aliniambia kitu ambacho hukuwahi kukisema: kwamba Jumapili ile ulikuwepo, na wewe ndiye uliyekuwa ukikoroga rangi. Kiraka changu sikifuti, lakini milango nayo imeanza kuchakaa, na safari hii sitaki kubahatisha. Habari za plastiki usiniandikie tena, wala za kikao. Niandikie hilo moja tu, Baba Mdogo: aliweka nini kingine?

Ni mimi nikupendaye hata nikikukatalia,
Binti yako, fundi.