Mnazi wa Salehe kwenye Ardhi ya Kampuni

Mwera, Alhamisi, Novemba 1956

Vuli imeanza leo. Imenyesha tangu alfajiri mpaka karibu na adhuhuri, kisha jua likatoka kana kwamba halina habari. Naandika nikiwa kibarazani kabla ya magharibi, na mikono yangu inanuka sabuni ya dawa na udongo. Nimeinawa mara tatu. Harufu haitoki, wala sina haraka nayo.

Leo nina furaha, na nina majivuno. Mama angenisikia angesema astaghafirullah. Lakini daftari ni langu, na leo nitajivuna mpaka wino uishe.

Kwanza nikiri kosa, maana bila hilo kosa mambo ya leo hayaeleweki.

Kampuni ya mkonge ndiyo iliyonisomesha. Baba amekata mkonge katika shamba lao miaka ishirini, na walipofungua darasa kwa watoto wa wafanyakazi nilikuwa mmoja wa wasichana watatu wa kwanza kukaa dawatini. Baadaye wakanipeleka Tanga mjini, nikajifunza ukunga hospitalini miaka miwili. Niliporudi nikakuta wamejenga zahanati: kuta nyeupe, bati jipya, chumba cha dawa, na chumba cha uzazi chenye vitanda viwili vya chuma na mabeseni yanayong'aa. Chumba kile kilijengwa kwa ajili yangu. Si maneno yangu hayo, Bwana Meneja mwenyewe aliyasema mbele ya watu siku ya ufunguzi.

Nikavimba kichwa.

Mzazi wa kwanza alikuwa Zaituni, mke wa mwanawe Bi Mwanahawa, jirani zetu. Alijifungua salama, mtoto wa kiume, wakamwita Salehe. Bi Mwanahawa akaja mlangoni na chungu, akaomba apewe kondo la nyuma, ambalo sisi twaita zalio, akalizike nyumbani. Kila nyumba ya hapa inajua kwamba zalio huzikwa uani kwao mtoto, kwa mkono wa bibi yake. La kwangu mimi limezikwa nyuma ya jiko la mama, na mahali penyewe napajua. Wazee wanasema mtoto asiyezikiwa zalio lake hatulii popote. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kulitia katika shimo la kuchomea taka, kama nilivyofundishwa mjini. Na badala ya kuona haya nikamjibu, "Bibi, hapa ni hospitali. Mambo ya vyungu yaacheni jikoni."

Nilimwambia hivyo mwanamke aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto.

Aligeuka na chungu chake kitupu akaenda zake, na tangu siku ile hakuja mja mzito hata mmoja. Miezi miwili nilitandika vitanda kila asubuhi, na kila Jumamosi nikafua mashuka ambayo hayakulaliwa. Wanawake walinisalimu vizuri njiani, wakanipita na matumbo yao, wakaenda kwa shangazi yangu Mwanahamisi, mkunga aliyezalisha nusu ya Mwera kabla mimi sijazaliwa. Na Salehe, ikasemwa, analia mchana kutwa kwa kuwa hana pa kutulia. Mimi najua ni tumbo. Hata hivyo siku moja nilipita mbele ya nyumba yao nikamsikia, nikaongeza mwendo.

Mwezi uliopita Bwana Hemedi, karani wa kampuni, akaniletea habari. Chumba kisipopata mzazi mpaka Alhamisi ya leo, Meneja atakuja kukifunga, na humo vitawekwa vyuma vya korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge. Mimi nitapelekwa chumba cha dawa, nifunge vidonda vya wakata mkonge. Niliumia, na si kwa ajili yangu tu. Darasani sasa wako wasichana saba. Kampuni ikiona msichana wa kwanza waliyemsomesha ametoka patupu, nani atampeleka wa pili?

Basi nikameza mate machungu, nikaenda kwa shangazi. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba bila kuniangalia, alikuwa anapeta mchele. Nikamweleza yote. Akaendelea kupeta, kisha akasema, "Mwanangu, umesomeshwa kumtoa mtoto. Kumfikisha kwao hukusomeshwa. Wala si kosa lako peke yako. Hao waliojenga walimuuliza nani?"

Swali hilo limenikaa. Kampuni ilitoa saruji, bati, vitanda, dawa, hata mimi ilinitoa. Walitoa kwa moyo, na sitaki kuwavunjia heshima, maana yako mashamba mengine mtu anaugua homa hapati hata kidonge. Lakini hakuna aliyemuuliza Bi Mwanahawa anataka nini. Hata mimi niliyekulia mlangoni kwake sikumuuliza.

Daktari wa kampuni hutujia kila Jumatatu. Nikamuuliza kama kuna sheria inayokataza watu kurudishiwa zalio. Akafikiri kidogo, akasema likifunikwa vizuri na likazikwa kwenda chini, yeye hana neno. Hana neno! Miezi miwili nimefua mashuka safi kwa jambo ambalo daktari hana neno nalo. Siku ile ile nikaenda kwa Bwana Hemedi nikaomba vyungu sita vyenye vifuniko. Akaniuliza kama wodi imegeuka mkahawa. Nikamwambia wewe andika tu. Akaandika, Meneja akatia sahihi bila kusoma, na vyungu vikaja vimeviringishwa majani makavu pamoja na maboksi ya bandeji.

Nikavipanga dirishani, vionekane kutoka njiani.

Wiki mbili hakuja mtu.

Leo asubuhi nikaamka nikijua ni siku ya mwisho. Nikatandika vitanda vyangu, mashuka nikayavuta mpaka yakanyooka, kwa ukaidi tu. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba sikuwasikia watu mpaka walipofika uani. Wanaume wanne wamebeba kitanda cha kamba, wamekifunika mkeka. Nyuma yao shangazi Mwanahamisi, amelowa chapachapa. Nyuma ya shangazi, Bi Mwanahawa. Kitandani alikuwa Mwajuma, binti yake wa mwisho. Uchungu umemshika tangu jana asubuhi, na mtoto ametanguliza makalio.

Shangazi akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Mikono yangu imefika mwisho. Nnataka yako."

Hapo nilitaka kulia, ila haikuwa saa yake.

Sitaandika yote ya chumbani, mengine ni siri ya wanawake. Tulikuwa wawili, shangazi kichwani anamtuliza Mwajuma na kumsomea, mimi miguuni. Aliponiona nataka kuharakisha akasema, "Bismillahi, mwanangu, usiwe na pupa." Na yale ya Tanga yakanijia, moja baada ya jingine: lini uvute, lini uache, mkono huu uende wapi. Kabla ya adhuhuri mtoto akatoka. Wa kike. Rangi yake haikunipendeza, na alinyamaza kitambo ambacho sitakisahau, kisha akapiga kelele. Nje wanaume wakasema alhamdulillahi kwa pamoja, na shangazi yangu, mwanamke asiyecheka ovyo, akapiga kigelegele.

Nimefanya mimi. Mimi na shangazi. Nimeandika na sifuti.

Nikaliosha zalio, nikalitia katika chungu cha kwanza pale dirishani, nikakifunika na kukifunga kitambaa cheupe. Nikakichukua kwa mikono miwili mpaka kibarazani alikokaa Bi Mwanahawa, nikapiga magoti. Wiki hizi mbili zote nilikuwa nimekariri maneno mazuri. Yote yakapotea. Nikasema tu, "Bibi, hiki ni chako. Na lile la Salehe, nisamehe."

Akakipakata chungu. Akauliza, "La Salehe ulilitia wapi?"

Nikamwonyesha shimo nyuma ya zahanati. Akalitazama sana. Kisha akamtuma mmoja wa wale wanaume nyumbani kwake, na mtu yule akarudi na mche wa mnazi, umetoa majani mawili.

"Kama lake li hapa," akasema Bi Mwanahawa, "basi na hapa ni kwao. N'pe jembe."

Hapa nieleze, maana nikija kulisoma daftari hili uzeeni nisije nikajiona mpumbavu. Kampuni inaruhusu watu walime mihogo na mahindi pembeni mwa shamba lake. Mnazi ni marufuku. Mwembe marufuku, na mti wowote wa kudumu. Sababu yake kila mtu wa pwani hii anaijua: aliyepanda mnazi ana haki yake mahali pale. Ardhi yaweza kuwa ya fulani, lakini mnazi una mwenyewe, na mwenyewe hafukuzwi kirahisi. Wako watu walioachishwa kazi kwa mche mmoja tu. Na Meneja alikuwa njiani anakuja, leo hii hii, kukata shauri juu ya chumba changu.

Chumba nilikuwa nimekwisha kukiokoa. Mtoto yuko kitandani analia, nani angekifunga? Ilinitosha kusema, "Bibi, subiri kesho." Nakiri kwamba maneno hayo yalinifika mdomoni.

Nikamletea jembe. Nikamsaidia na kuchimba, tukaupanda mche kando ya shimo.

Meneja alifika saa nane na gari lake, Bwana Hemedi ubavuni na funguo za kufungia mlango. Nikawaingiza. Mwajuma amelala, mtoto kifuani. Meneja akavua kofia, akacheka peke yake, akamwambia Bwana Hemedi vyuma vya korona vitafutiwe pahali pengine. Nikashusha pumzi. Kibarazani walikuwa wamekwisha kusogea wanawake wanne watano, matumbo mbele, wanakaguakagua vyungu vyangu na kugonga vifuniko kama wako sokoni. Mmoja akachagua chake kabisa, akasema asiguse mtu.

Kisha Bwana Hemedi akapita nyuma ya nyumba, na nikamsikia ananiita kwa sauti ya chini. Uso ulikuwa umemshuka. "We binti, wataka tufukuzwe sote?" Akainama akaushika ule mche shingoni, tayari kuung'oa. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa chini pale pale, chungu mapajani. Akaweka kiganja chake juu ya udongo mbichi, basi.

Meneja akatokea. Kiswahili chake ni kile cha shambani. "Mti hii nani napanda?"

Nikasema, "Jembe nimetoa mimi, bwana."

Nikamweleza. Yote nilimweleza: chungu, shimo, na kosa langu la siku ya kwanza. Akauliza mtoto mwenyewe yuko wapi. Zaituni, aliyekuwa amekuja kumtazama wifi yake Mwajuma, akasogea, amembeba Salehe mgongoni, akageuka ili bwana amwone. Salehe alikuwa analia, kama kawaida yake. Meneja akamtazama mtoto, akautazama mche. Marufuku ile aliiandika yeye kwa mkono wake, anaijua kuliko sisi sote. Na mtu aliyekaa pwani miaka yote ile anajua kwamba mnazi huo utakapoanza kuzaa, huenda yeye atakuwa kwao Ulaya.

"Hemedi," akasema, "wacha. Hii ya mtoto."

Bwana Hemedi akauachia mche, akaushindilia udongo kwa kiatu chake, taratibu, kuzunguka pande zote. Nilimpenda kwa kile kiatu.

Juu ya mlango wa zahanati kuna kibao chenye jina la kampuni, na ninakiheshimu, maana bila kampuni leo nisingejua mikono yangu iende wapi, na Mwajuma tungemzika. Lakini niliwaona wanawake wakiondoka. Wote walizungukia nyuma kwanza, wakautazama mche wa Salehe, ndipo wakashika njia ya kwao. Miezi miwili walikuwa wakiita pale "kwa kampuni." Leo nimemsikia mmoja akimwambia mwenzake watakutana "kwetu kule mnazini." Mnazi wenyewe hauzidi goti langu.

Zaituni amekubali kumleta Salehe kesho nimpe dawa ya tumbo. Bibi yake amempa ruhusa, tena mbele yangu.

Bi Mwanahawa aliondoka wa mwisho, chungu kichwani, hakukishika kwa mkono, umri ule. Alipofika njiani akasimama, akaniambia bila kugeuka, "Uumwagilie."

Alikuwa anautaja mche. Lakini Bi Mwanahawa hajamtuma mtu wa nyumba nyingine kazi yake tangu nimjue, hutuma wa kwake tu. Basi kesho, mvua inyeshe isinyeshe, nitachota ndoo moja niipeleke nyuma kwanza, ndipo nifungue mlango.